Mkulima Asiyepata Usingizi

Wakulima wengi wakija ofisini kwetu huuliza habari za mbegu, mbolea, ndigana na bei ya maziwa. Ni haki yao, maana hiyo ndiyo kazi tuliyowekewa. Lakini yako maswali mengine ambayo mtu huyaleta mpaka mlangoni, kisha akaondoka nayo. Mwezi huu nataka kuandika juu ya swali moja la namna hiyo, nalo ni hili: mkulima afanye nini kichwa chake kinapokataa kupumzika?

Nitaanza na jambo lililotokea mbele ya meza yangu mwenyewe. Mkulima mmoja wa skimu yetu, mtu mzima aliyekwisha pita miaka 50, alifika kuandikisha jina lake apate mbolea. Huyu ni mtu ninayemjua kwa mwandiko wake. Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuingia ukarani, na mazoea ya kuangalia mwandiko wa watu hayajaniacha. Wake ulikuwa mzuri sana, herufi zimesimama sawasawa kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Siku hiyo aliandika namba ya shamba lake vibaya mara mbili. Mara ya tatu aliweka kalamu chini akanitazama tu.

Nikamwuliza, "Mzee, u mgonjwa?"

Akajibu, "Mwalimu, mimi sina ugonjwa. Silali tu. Tangu ng'ombe wangu afe, silali."

Ng'ombe huyo alikuwa wa gredi, amenunuliwa kwa mkopo wa chama cha ushirika. Ndigana ilimwua akiwa bado anakamuliwa, na deni halikufa naye. Lilikuwa likikatwa kila mwezi katika maziwa ya ng'ombe mwingine aliyebaki. Mzee akanieleza kwamba kila usiku huamka saa nane na kuanza kuhesabu: deni, karo ya mtoto wa mwisho, paa la zizi, tena deni. Huhesabu hivyo mpaka wakati wa kukamua. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Wakati mwingine naona heri nisingekuwako. Watu wangefanya matanga, na mambo yangekwisha."

Nami nilimjibu kama wengi wetu tungalivyomjibu. Nilisema, "Usiseme hivyo, Mzee. Mungu yupo." Nikapiga muhuri fomu yake, akaenda zake. Usiku ule mimi ndiye niliyekosa usingizi.

Kesho yake nilikwenda kwa sista wa zahanati yetu nikamweleza, pasipo kutaja jina. Hakunisifu. Alisema, "Mtu amekufungulia mlango, nawe umeufunga kwa Jina la Mungu." Halafu akanikalisha akanifundisha, na mengi ya haya ninayoyaandika nilianza kuyajua kwake.

Mawazo mengi yaweza kuwa ugonjwa

Kila mkulima ana mawazo. Mvua ikichelewa lazima mtu afikiri, na asiyefikiri hana shamba. Lakini kuna mawazo yasiyoleta shauri lolote. Huzunguka mahali pamoja kama ng'ombe aliyefungwa kigingini, mpaka nyasi zote zimekwisha na ardhi imekuwa vumbi. Mawazo ya namna hiyo, pamoja na huzuni au kutojali kitu chochote, yakimshika mtu karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi, yafaa aonwe na daktari. Katika vitabu vya afya ugonjwa huu huitwa sonona. Si uvivu, si kurogwa, wala si alama ya imani ndogo.

Ishara zake hazionekani usoni tu. Mtu hukosa usingizi, au hulala mno. Chakula hakina ladha. Kichwa chauma, tumbo lauma, mgongo wauma, na wengine hutibiwa malaria mara tatu mfululizo pasipo malaria yenyewe kuonekana katika damu. Husahau vitu, hukasirika upesi, hujiona hafai kitu. Sisi wa kilimo twaweza kuuona ugonjwa huu kutoka barabarani. Shamba lililokuwa likipaliliwa kwa wakati sasa limeshikwa na magugu, ua umeanguka na mwenyewe anaupita, na kiti chake katika mkutano wa ushirika ni kitupu. Jirani husema, "Fulani siku hizi amekuwa mlevi wa usingizi." Afadhali jirani huyo angepiga hodi.

Hapa niseme jambo kuhusu skimu zetu. Wazee waliopewa ardhi tangu mwaka wa 1962, ilipoanza skimu ya ekari milioni moja, waliandikiwa shamba na deni siku moja. Tena kila mmoja alitoka kwake. Jirani zao walikuwa watu wasiojuana, na mjomba, shangazi au mzee wa ukoo, ambaye kwa desturi ndiye angeitwa kusikiliza shida, alibaki mbali. Watoto na wajukuu wao wamezaliwa hapa, lakini katika nyumba nyingi desturi ya kunyamaza imekaa. Mtu atakwambia bei aliyouzia fahali, lakini hatakwambia kwamba hajalala tangu Pasaka.

Sababu nyingine ya kunyamaza ni jina la Mathari. Hospitali hiyo ya Nairobi ilifunguliwa mwaka wa 1910, na kwa miaka mingi watu walidhani kwamba mtu akitaja kichwa chake atapelekwa huko akafungiwe. Mathari bado inafanya kazi yake kwa wagonjwa wanaoihitaji. Lakini ugonjwa wa mawazo kama wa mzee wetu huweza kutibiwa karibu na nyumbani, katika kituo cha afya au hospitali ya kaunti ndogo, na mgonjwa akalala kwake. Wengine hupona kwa mazungumzo yenye mpango. Wengine hupewa dawa. Wanaopewa dawa wajue kwamba mara nyingi huchukua majuma 2 mpaka 4 kabla ya kuonyesha nguvu yake, na haifai kuziacha ghafula mara mtu anapojisikia vizuri. Ni kama mbolea: huimwagi leo ukaangalia mahindi jioni.

Benchi la akina bibi

Mazungumzo yenye mpango ni nini? Nitaleta mfano wa Zimbabwe, kwa sababu ni nchi ya wakulima kama yetu, na Washona wana neno, kufungisisa, maana yake hasa ni kufikiri kupita kiasi. Mwaka wa 2006 daktari wa akili wa huko, Dixon Chibanda, aliona kwamba wagonjwa ni wengi na madaktari kama yeye ni wa kuhesabika kwa vidole. Basi katika mtaa wa Mbare, mjini Harare, aliwafundisha akina bibi 14 waliokuwa wakifanya kazi za afya kwa watu wao. Kila bibi aliketi na mgonjwa juu ya benchi la mbao, nje ya kliniki, chini ya mti.

Bibi hakuanza kwa kutoa shauri. Kwanza alimwacha mtu aseme shida zake zote, na zikaandikwa. Halafu akamwambia achague moja tu. Kisha wakatafuta pamoja hatua moja ndogo ambayo mtu huyo angeweza kuifanya kabla ya juma lijalo. Alipokuja tena alieleza imekwendaje. Kama imeshindikana, wakatafuta nyingine.

Mambo haya yalipimwa barabara, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2016. Watu 573 waligawanywa mafungu mawili, wengine wakapata matibabu ya kawaida na wengine benchi. Baada ya miezi sita, karibu nusu ya wale wa matibabu ya kawaida walikuwa bado wana dalili za sonona. Kwa wale wa benchi ilikuwa karibu mtu mmoja katika kila saba. Mimi nilipoyasoma hayo nilifikiri juu ya miti yote iliyo nje ya ofisi zetu, na mabenchi ambayo watu huketi kungojea sahihi.

Sista alifanya kazi kwa njia hiyo hiyo na mzee wetu. Maana nilikwenda kumwona kwake, nikamwambia kwamba nilimjibu vibaya, na kwamba yuko mtu wa kumsikiliza. Hakukubali siku ile. Bibi yake ndiye aliyemfikisha zahanati siku ya Ijumaa, kwa kisingizio cha kupima presha. Walipoandika shida zake zilikuwa kumi na moja. Aliyoichagua ilikuwa deni, na hatua ndogo ilikuwa kwenda kwa katibu wa ushirika kuuliza kama makato yaweza kupunguzwa na muda kuongezwa. Ajabu ni kwamba katika miezi mitano ya kutolala hakuwa ameuliza hata mara moja. Aliona aibu.

Usiku wa mkulima

Ubongo wa mtu una uzito wa kilo moja na nusu hivi, lakini hutumia karibu sehemu moja katika tano ya nguvu yote ya mwili anapopumzika. Ni mfanyakazi mkubwa, naye hafungi duka usiku. Tukilala ndipo hupanga mambo tuliyojifunza mchana, akaweka la kuweka. Mtu asiyelala husahau, hukosea hesabu, hujikata na panga, hukasirikia watoto. Mtu mzima ahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi. Mkulima anayeamka saa kumi ya alfajiri kukamua, basi yampasa awe amelala saa tatu ya usiku. Ni wangapi kati yetu wanaofanya hivyo? Wengi saa tatu ndipo wanaanza kutazama simu.

Chai nayo ina makosa yake, ingawa hapa najua nitagombana na nchi nzima. Kitu kilicho katika majani ya chai na katika kahawa, kile kinachomwamsha mtu, hukaa mwilini kwa muda mrefu. Saa tano baada ya kunywa, karibu nusu yake bado imo. Asiyepata usingizi yafaa anywe kikombe chake cha mwisho kabla ya saa kumi ya jioni, na baada ya hapo anywe maziwa au uji. Miraa humfukuzia mtu usingizi zaidi ya chai.

Pombe ni mwongo zaidi, maana humlaza mtu upesi. Lakini usiku unapoendelea usingizi wake hukatika vipande vipande, mtu huamka saa nane moyo unapiga, na yale mawazo aliyoyazamisha yameketi kitandani yakimngoja. Kesho yake hunywa zaidi kidogo ili alale. Nimewaona watu wazuri wa skimu hii wakianzia hapo, kwa kutafuta usingizi tu, si kwa kupenda anasa. Aliyekwisha zoea kunywa sana kila siku asiache kwa ghafula peke yake nyumbani, maana mwili waweza kushtuka na kumletea kifafa. Amwone daktari kwanza.

Ukiamka usiku na usingizi usirudi kwa muda wa dakika 20 hivi, usiendelee kujigeuza kitandani kama chapati. Ondoka, uketi mahali penye mwanga mdogo, usishike simu, urudi kulala usingizi unapokuja. Hata kama ulilala vibaya, amka wakati ule ule wa kila siku. Mwili hujifunza saa. Na kuhesabu madeni kusiwe kazi ya kitandani. Sista alimwambia mzee anunue daftari ya shule, na kila jioni kabla ya chakula aandike yanayomsumbua na kazi ya kesho, kisha aifunge. Mzee alinunua ya mistari miwili, ile ya watoto wanaoanza kuandika, akasema mkono wake umerudi darasa la kwanza.

Mambo mengine ya kichwa

Kwa kuwa bibi yake alitumia presha kama kisingizio, ilipimwa, na kumbe ilikuwa juu kweli. Presha ikipimwa mara kwa mara ikawa 140 kwa 90 au zaidi, ni ugonjwa, nao hauumi. Huharibu mishipa ya damu ya ubongo kimyakimya mpaka siku ya kiharusi. Chumvi ya mtu mzima kwa siku isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya mkate na mchuzi.

Watu husema kusahau ni uzee tu. Si kweli daima. Mwaka wa 2024 kikundi cha wataalamu wa nchi mbalimbali kilitaja mambo 14 ambayo, yakiondolewa, karibu visa 45 katika kila 100 vya ugonjwa wa kupotewa na akili uzeeni vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Miongoni mwake ni presha, sukari, sigara, pombe nyingi, hewa chafu, masikio yasiyosikia na hayakutibiwa, kuumia kichwa, na kukaa peke yako. Wenye pikipiki wavae kofia ya chuma, na abiria naye. Wanaopikia ndani pasipo dirisha, moshi ule wanauvuta wao na watoto.

Dawa za shambani

Sasa nafika mahali panaponihusu zaidi kama mtu wa ofisi ya kilimo. Dawa nyingi za kuua wadudu na kupe hufanya kazi kwa kuharibu mishipa ya fahamu ya mdudu, na mishipa yetu haitofautiani sana na yake. Ndiyo maana twapiga kelele juu ya glavu, mabuti, na kutopiga dawa dhidi ya upepo. Anayeumwa kichwa, kutokwa na jasho na mate mengi na kulegea baada ya kupiga dawa apelekwe hospitali mara moja, pamoja na karatasi ya chupa ile.

Lakini kuna jambo jingine zito kuliko hilo. Duniani watu zaidi ya 720,000 hufa kila mwaka kwa kujiua, na katika nchi za wakulima dawa za shambani zimechukua wengi. Mara nyingi saa ile mbaya huja kama mafuriko, na ikipita, mtu hushukuru kwamba bado yupo. Basi swali ni nini kilicho karibu naye saa hiyo.

Sri Lanka ni nchi ya mpunga na chai. Tangu mwaka wa 1995 na kuendelea, Serikali ya huko ilipiga marufuku dawa zenye sumu kali kuliko zote, na baadaye nyingine tena. Kufikia 2015 vifo vya kujiua, kwa kulinganisha na idadi ya watu, vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya thuluthi mbili, wala mavuno ya mpunga hayakuanguka. Huko huko walijaribu pia kugawa masanduku ya kufungwa kwa ufunguo katika vijiji, wakalinganisha vijiji 180. Matokeo yalitoka mwaka wa 2017: sanduku nyumbani halikupunguza watu waliojidhuru kwa dawa. Zamani mimi mwenyewe nilikuwa nikiwaambia wakulima wanunue sanduku na kufuli, nikadhani nimemaliza. Sanduku lazuia watoto, nalo ni jambo jema. Kwa mtu mzima mwenye huzuni nzito, ufunguo uko mfukoni mwake.

Kwa hiyo nashauri hivi. Nunua dawa ya kutosha kazi ya wakati huo, si ya msimu mzima. Mwulize Bwana Shamba kama iko yenye sumu ndogo zaidi itakayofanya kazi ile ile. Na kama nyumbani kuna mtu mwenye ugonjwa wa mawazo, dawa isilale hapo hata usiku mmoja. Ikae kwa jirani au katika stoo ya ushirika, na mwingine apige.

Ukiambiwa maneno kama yale

Nilidhani nikimwuliza mtu waziwazi kama anafikiri kujiua nitamtia wazo hilo. Sista alinikatalia, na madaktari ndivyo wanavyosema: kuuliza kwa upole hakumpandi mtu mbegu, bali humpa nafasi ya kutua mzigo. Uliza, nyamaza, sikiliza. Usihubiri, wala usimlinganishe na wenye shida kubwa kuliko yake. Usimwache peke yake akiwa katika hali hiyo. Mfuate mpaka zahanati au mwite mtu wake. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya hupigwa pasipo malipo.

Wengine waliogopa kusema kwa sababu ya sheria. Katika kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kujaribu kujiua kulikuwa kosa ambalo mtu angefungwa mpaka miaka miwili. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilihukumu kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Mtu wa namna hiyo apelekwe kwa daktari, si kituo cha polisi.

Mzee wetu alikuja tena ofisini msimu uliofuata. Ushirika ulikuwa umekubali kupunguza makato ya kila mwezi, na deni litachukua muda mrefu zaidi kwisha. Bado anatumia dawa, na yako majuma mabaya, hakunificha. Namba ya shamba aliiandika sawa mara ya kwanza, ingawa herufi zililala kidogo upande. Kisha akatoa ile daftari katika koti ili anakili namba ya simu ya Bwana Shamba, nami nikaona ukurasa wa jana yake. Ulikuwa na mistari miwili. "Kuosha pampu. Dawa ya kupe irudi kwa jirani kabla ya giza."